PUMZI NAYO NI HAKI YA MFANYA KAZI



Mgeni akishuka Wasini husifu hewa yetu. Kisiwani hakuna magari, na kusi likivuma hutufikia moja kwa moja kutoka baharini. Sifa hiyo ni ya haki, lakini si kamili. Tazama gatini Shimoni asubuhi, mashua za watalii wa Kisite zikingoja abiria huku mashini zanguruma bure. Tazama nyuma ya nyumba jioni, jaa la taka likitiwa moto, plastiki na makumbi pamoja. Nenda bara kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, au simama kando ya barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga yapitapo malori ya dizeli. Wenzetu wengi hushinda katika moshi na vumbi hilo, na baadhi yao wana pumu.

Neno letu leo ni moja: hewa anayovuta mtu kazini ni sehemu ya masharti ya kazi, kama mshahara na saa za kazi.

Yafaa kwanza tujue pumu ni nini. Mwenye pumu ana njia za hewa kifuani ambazo ni nyepesi kuvimba. Zikichokozwa, nyama zake hukaza, makohozi huongezeka, na mlango wa pumzi huwa mwembamba. Ndipo kifua hubana na kupiga mluzi. Moshi wa dizeli, wa taka na wa kuni una chembe ndogo mno, hata ishirini zikipangwa mstari hazizidi upana wa unywele mmoja. Puani hazizuiliki, huingia mpaka ndani ya mapafu. Leso tunayojifunga usoni huzuia vumbi la kuonekana tu. Na mashini za zamani zinazochanganyiwa oili na petroli hutoa sehemu ya mafuta bila kuungua, nayo humrudia baharia aliyekaa nyuma kushika usukani.

Sasa fikirini mwenzetu mwenye ugonjwa huo. Leo amepakia mizigo vizuri, kesho amekaa chini ana tweta. Msimamizi husema, "Huyu ni mvivu." Na sisi wenyewe, ni aibu kukiri, mara nyingine twacheka. Basi mtu huyo huficha maradhi yake asije akapoteza kibarua, na hurudi palepale penye moshi. Ugonjwa uliofichwa ndio unaoua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato kidogo ambako dawa hazipatikani kwa urahisi.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya kuogopesha tu. Huko London alikuwako mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekaa karibu na barabara yenye magari mengi. Alikufa kwa pumu Februari 2013. Mama yake hakukubali jambo liishie hapo. Desemba 2020, baada ya uchunguzi wa pili, ilitamkwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Ilisemwa pia kwamba mama yule hakupewa habari za hatari ya hewa hiyo, habari ambazo angezitumia kumkinga mwanawe. Kumbe kutoambiwa nako ni madhara.

Hapa kwetu sheria iko. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, na penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishtaki kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda jirani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Ile haikuwa pumu, lakini yatufunza kwamba moshi wa jirani si kudura ya Mungu.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Mwenye pumu ahamishwe penye moshi au vumbi bila kupunguziwa mshahara.

2. Mashini na malori yazimwe wakati wa kungoja. Jambo hili halina gharama, tena huokoa mafuta.

3. Machimboni mawe yakatwe kwa maji, na watu wapewe barakoa za kuzuia vumbi jembamba.

4. Kila mahali pa kazi pawe na mtu ajuaye kumsaidia aliyeshikwa na pumu.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusichome taka karibu na nyumba za watu. Mwenye pumu aende akapimwe, na ajue kuwa dawa ni za namna mbili: ile ya kufungua kifua upesi, na ile ya kutumia kila siku ili uvimbe upungue. Anayetegemea ile ya kwanza peke yake hajatibiwa bado. Akishikwa, mtoeni penye moshi, mkalisheni wima, msimlaze, mpeni dawa yake ya kufungua kifua. Akiwa hawezi kumaliza sentensi moja, au midomo yageuka rangi, au dawa haimsaidii, msingoje maji kujaa wala kupwa: mvusheni Shimoni mara moja apelekwe hospitali. Sisi wa kisiwani twajua urefu wa safari ya kwenda Msambweni, na mtu asiyepata pumzi hana saa za kupoteza.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye pumu akidai peke yake ataitwa mgonjwa na kuachishwa kazi. Tukidai sote, tutasikizwa.

Mhariri