Kisu cha Jirani

Tuache kujisifu kwamba Mtanzania huzaliwa mpole. Oktoba 2012 pale Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kuvamiwa. Februari 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulitoa roho ya mchungaji. Kwa ajili ya kitoweo!

Na mambo ya kuchinja, huku kwetu Tandika, Manzese na Mbagala kwenyewe, yalikwisha kupata dawa zamani, bila kikao wala waraka. Mkristo mwenye harusi hununua mbuzi wake, kisha humwita jirani Mwislamu aje kuchinja. Dini yake haimwagizi hivyo. Anataka tu mtaa mzima ule. Asipomwita, nusu ya waliomchangia watakaa chini ya turubai wakinywa soda, sinia la pilau likiwapita, na aibu ni ya mwenye shughuli. Na huyo mchinjaji akifiwa kesho, anayezunguka na daftari la rambirambi huenda akawa baba wa bibi harusi yule yule. Makaburini Kinondoni atapokea sepetu zamu yake ikifika.

Makabila yetu yapita 120, na Kiswahili kimetuchanganya hata katika ibada. Imani, dhambi, sadaka, malaika: maneno hayo yote asili yake ni Kiarabu, na sijasikia padri aliyeyafukuza madhabahuni. Serikali nayo, baada ya sensa ya 1967, haituulizi tena dini wala kabila. Vyema, ila karani wa sensa hakai nasi mtaani.

Wapo Wakristo wanaonung'unika: mbona sisi tu ndio tuite, wao hawatuiti? Neno hilo lina uzito, silibezi. Lakini anayealika ndiye anayemtazamia mgeni wake. Ukijua mkweo hali nguru, utampikia nguru? Nawe ndugu yangu Mwislamu, usiigeuze hisani hii kuwa deni. Siku utakapokwenda kudai kisu kwa sauti, mwenzako atakunyima kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo polisi huitwa.

Kinachonitia hofu zaidi ya mahubiri makali (nayo yapo, pande zote mbili) ni uvivu wetu. Kamati ya harusi siku hizi hukodi ukumbi, hukodi wapishi, nyama hutoka buchani, na jirani wa miaka ishirini hupelekewa kadi kama mtu baki. Mtoto wa nyumba hiyo atajifunza wapi kwamba mzee wa mlango wa pili ana kazi katika furaha yao?

Basi wewe unayeoza binti Desemba, kabla hujakwenda mnadani Pugu kutafuta mbuzi, piga hodi kwa mzee huyo. Mwulize kama ana nafasi Jumamosi alfajiri. Kisu atakuja nacho mwenyewe.