STEMPU NA MUHURI WAKE



Sisi makarani twaijua stempu kwa bei yake tu: ikipungua, mpokeaji hutozwa. Ni mara chache tuisomapo kama tusomavyo waraka. Walakini stempu ni waraka, tena wa Serikali, na apendaye kujua habari za zamani za nchi zetu hana budi kujifunza kuisoma.

Picha peke yake haitoshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wadachi walitoa stempu za Afrika ya Mashariki zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari. Na meli hiyo hiyo waliiweka katika stempu za Togo, Kamerun na Samoa. Basi picha ile yatupa habari za Berlin, si za Bagamoyo. Twiga wa mwaka 1922, aliyetolewa pamoja na jina la Tanganyika, alikuwa afadhali, maana yeye angalau ni mwenyeji.

Twaona kwamba ukweli mwingi umo katika yale yaliyofanywa kwa haraka. Mwaka 1917, vita vikiendelea, stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano zilipigwa chapa ya herufi tatu, G.E.A. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Kiingereza la nchi iliyokuwa ya Wadachi. Mtawala amekwisha badilika, jina bado ni la zamani; na hayo yote yamo katika chapa isiyozidi upana wa ukucha.

Uko mfano utakaowafurahisha wapigao taipu. Mwaka 1895, huko Mengo, Padre Ernest Millar wa C.M.S. alitengeneza stempu za Uganda kwa taipureta yake. Aliandika herufi U na G, kisha bei kwa hesabu ya simbi, maana simbi 200 zilikuwa rupia moja. Nyingine bei yake ilisahihishwa kwa kalamu. Aliyewahi kusahihisha stensili usiku, taa ikififia, atamhurumia.

Hali kadhalika Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zenye sura ya Sultani zilipigwa muhuri wa JAMHURI 1964 kwa mkono, na mihuri mingine imekaa upande.

Sasa shauri letu. Mwandishi aliwahi kufungua faili la zamani katika ofisi moja, akakuta kila bahasha imekatwa pembe ya kulia. Aliyekata alitaka stempu, bila shaka za kuuza. Lakini aliondoka na muhuri wa posta pia, ambao ndio utajao mji na tarehe. Zikabaki barua zisizo na tarehe, wala hapana ajuaye zilikotoka. Posta ndogo ya bara huenda isitajwe katika kitabu chochote, ila muhuri wake umo katika faili lililo mbele ya mmoja wenu.

Twaomba bahasha zisikatwe. Faili likiamriwa kuteketezwa, karani amwendee kwanza mkubwa wake, aombe ruhusa bahasha hizo zitengwe pamoja na barua zake, zipelekwe Nyaraka za Taifa. Zisipakwe gundi, wala zisishikwe kwa pini, kwa maana kutu hula karatasi.