Garanti ya miezi sita haimo ndani ya sheria, hata Kamina

KAMINA – Swali la kwanza ambalo familia iliyohama inaulizwa mlangoni si jina wala mahali ilipotoka. Ni hili: «Muko wangapi?» Baba akijibu kwamba wako tisa, pamoja na shangazi na yatima wawili wa ndugu yake, nyumba iliyokuwa tupu tangu asubuhi inakuwa ghafla imeshapata mtu.

Wanaopita swali hilo wanakwama kwenye la pili, garanti. Miezi sita, kwa dolari, mkononi, kabla ya kupewa ufunguo. Komisionere naye anangoja mwezi wake.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba za kukaa, imeweka mpaka: garanti haipiti malipo ya miezi mitatu. Haikuandikwa kwa ajili ya wakaaji wa Gombe kule Kinshasa tu. Inatawala Kamina mjini na kandokando ya Base, kwenye vila na kwenye nyumba ya matofali ya udongo pia.

Chukueni mfano wa hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu na saloni, dolari 50 kwa mwezi. Kwa sheria, garanti ni 150. Kwa desturi ya miezi sita ni 300, ongeza 50 ya komisionere, inakuwa 350. Ile 200 ya juu, kwa familia ambayo maji ya Lualaba yamefunika shamba lake kule Bukama au Malemba-Nkulu, ni mifuko ya unga, dawa na mbegu za kuanza upya. Inaingia kwenye mfuko wa mtu mwingine kwa sababu tu mama mwenye watoto hawezi kulala nje akibishana.

Wenye nyumba wana majibu yao, na mengine si ya uongo. Watu wengi wanajaza choo upesi. Askari anatumwa mbali, mke anabaki na deni, na mwenye nyumba hajui amdai nani. Ni kweli. Lakini garanti ya miezi mitatu imewekwa kwa hatari hizo hizo. Kuta na milango iangaliwe na pande zote mbili siku ya kuingia, iandikwe, iangaliwe tena siku ya kutoka. Idadi ya watoto haivunji mlango.

Tena, kwa nini wengi hawataki karatasi? Kwa sababu mkataba ulioandikwa unaonyesha mapato, na mapato ya nyumba yana kodi yake ya jimbo, ile IRL. Mwenye nyumba anamwambia mpangaji «tuaminiane», kumbe anamkimbia mtu wa kodi. Na mpangaji asiye na karatasi, siku ya kutoka, atadai garanti yake kwa ushahidi gani? Ndiyo maana wengi wanaona heri waikule: wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa, ugomvi unaanza, na familia kubwa inayofuata inapata jina baya ambalo haikulitafuta.

Shefu wa kartie anawajua wenye parseli wote wa kwake. Ofisi ya Habitat ipo kwa kazi hii. Haihitajiki sheria mpya wala semina ya siku tatu na posho. Wenye nyumba na makomisionere waitwe, wasomewe mpaka wa miezi mitatu kwa Kiluba na kwa Kiswahili, na atakayeupita arudishe ziada.

Mpaka hapo, anayelipa asitoe pesa bila shahidi. Hata ukurasa wa daftari la mtoto unatosha kuanzia: tarehe, kiasi, miezi mingapi, hali ya nyumba, sahihi mbili. Na nakala moja ibaki kwa shefu.