Jabali fupi si kazi ndogo

Majuzi mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini akiwa amejiinamia. Wenzake walikuwa wamependekeza mada zinazolienea bara zima. Yeye alitaka kuchunguza sauti moja tu. Katika Kimvita, paa mnyama na paa la nyumba hayatamkwi sawa: p ya kwanza hutoka na mpumuo, ya pili haina. Kijana huyu alitaka kujua iwapo vijana wa Mombasa wangali wanaitofautisha. Wenzake walimcheka, naye akaja kuniomba ruhusa ya kubadilisha mada. Nilimkatalia, kisha nikamsimulia habari za Mmarekani aitwaye John Gill.

Sisi Wakenya tunapotaja upandaji, akili zetu hukimbilia kileleni. Tunamkumbuka marehemu Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya taifa juu ya Mlima Kenya usiku wa Uhuru, Desemba 1963, na ni haki yake kukumbukwa. Gill, aliyezaliwa katika jimbo la Alabama mwaka 1937, hakujipatia sifa kwa kilele chochote. Sifa zake zilitokana na majabali mafupi, mengine yasiyozidi kimo cha nyumba ya kawaida, ambayo aghalabu mtu angeweza kuyazunguka na kufika juu kwa upande wa nyuma bila kutokwa na jasho.

Alianza kupanda miamba mwaka 1953. Alipojiunga na chuo cha Georgia Tech, alijifunza jimnastiki: kupanda kamba kwa mikono mitupu na kuning'inia kwenye pete. Ni kweli kwamba Wafaransa walikuwa wakipanda majabali ya msitu wa Fontainebleau tangu mapema katika karne ya 20. Hata hivyo, kwa wapandaji wengi wa Marekani wa zama hizo, jabali fupi lilikuwa mahali pa kunyoshea viungo kabla ya safari ya mlimani. Gill aliliona kuwa uwanja kamili, wenye nidhamu na uzuri wake. Akauchukua unga mweupe wa magnesiamu ambao wanajimnastiki hujipaka viganjani wasiteleze, akaupeleka mwambani. Leo ni nadra kumwona mpandaji asiye na kifuko cha unga huo kiunoni.

Mwaka 1961, wakati akitumikia jeshi la anga, aliupanda mwamba uitwao Thimble katika eneo la Needles, jimbo la South Dakota. Kimo chake ni takriban mita 9. Hakuwa na kamba, na chini yake palikuwa na ukingo wa kuzuia magari, aliyeanguka angeuangukia. Katika majira ya baridi yaliyotangulia, alijizoeza ukumbini kwa kubana kwa vidole nati na bolti zilizochomoza ukutani, ili mikono izoee vishikio vidogo vya mwamba ule. Miezi ya matayarisho kwa mita 9!

Fauka ya hayo, Gill alikuwa mwalimu. Alipata shahada ya uzamifu katika hisabati mwaka 1971, akafundisha chuoni katika mji wa Pueblo, Colorado, hadi alipostaafu mwaka 2000. Tunaweza kusema mikono yake ilijua chaki za aina mbili. Wala si ajabu kwamba wapandaji wanaozungumza Kiingereza huiita kila njia ya jabali kwa neno lile lile litumiwalo kwa swali la hesabu. Kwa Kiswahili nisingelitafsiri neno hilo kuwa "tatizo", ningesema "fumbo". Tatizo tunataka lituondokee. Fumbo tunalikalia mpaka lifumbuke.

Lakini jambo linalonivutia zaidi katika kazi yake ni kipimo alichokibuni cha kupimia ugumu. Daraja la B1 lililingana na hatua ngumu kabisa walizoziweza wapandaji wa kamba wa siku zile. B2 ilizidi hapo. B3 ilikuwa njia iliyopandwa mara moja tu, wengine wakaijaribu wakashindwa. Siku mtu wa pili alipofaulu, njia hiyo ilikoma kuwa B3 na kuteremshwa. Tafakari, msomaji: mtu anabuni cheo ambacho kitamponyoka pindi mwenzake atakapofaulu! Kipimo hicho kiliachwa baadaye, vikaja vingine vyenye ngazi nyingi. Majabali nayo yalipanda cheo: upandaji ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, majabali mafupi yalikuwa sehemu ya mashindano.

Shuleni na vyuoni mwetu tumewazoeza vijana kuhesabu vilele: alama, wastani, shahada. Ni wachache tunaowauliza walipita upande gani wa jabali. Aliyekariri jibu na aliyelifikiria usiku kucha hufika juu pamoja, nasi tukawapigia makofi yale yale.

Yamkini mtu atauliza: je, nchi yenye shida kubwa kama yetu inaweza kumudu maswali madogo? Namjibu kwamba udogo peke yake si sifa. Jabali fupi na jepesi ni mchezo wa watoto. Gill alichagua mafupi yaliyokuwa magumu, akayapa kila alichokuwa nacho. Kamusi na sarufi tunazozitegemea darasani nazo zilijengwa na watu waliokubali kukaa na neno moja, hata sauti moja, mpaka waielewe. Mpumuo wa Kimvita hauonekani katika maandishi yetu ya kawaida. Ukififia vinywani mwa vijana bila mtu kusikiliza, hatutajua hata uliondoka lini.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: mtoto akikuuliza swali dogo usilolijua jibu lake, usimwambie kwamba halimo katika mtihani. Liandike ubaoni, mlikalie pamoja. Na siku akikupita kwa kulijibu, mfurahie, kama ilivyompasa Gill kukubali kwamba B3 yake si B3 tena.

Mwanafunzi wangu alirudi Mombasa na mada yake ile ile na kinasa sauti mkononi. Wenzake wawili kati ya wale waliomcheka wamekwishakuja kwangu kuomba kuzipunguza zao.