Msikate Springi!

Vijana wenzangu, kuna ugonjwa umeingia Same na sasa unapanda mlima. Kijana akishapata Subaru Impreza au Altezza ya mtumba, haulizi breki zikoje wala haangalii tairi. Anachukua grenda, anakata springi mzunguko mmoja au miwili, gari linalala chini, na jioni analipeleka stendi likaonekane. Eti hiyo ndiyo spoti!

Mimi nasema hiyo si spoti hata kidogo. Huko ni kununua gari zuri na kulivunja miguu.

Tuelewane kwanza. Springi na shokapu ni mume na mke. Springi inabeba uzito na kumeza shimo, shokapu inaituliza isiendelee kurukaruka. Kiwandani zilipimwa pamoja. Ukikata springi inakuwa fupi, na inakuwa ngumu pia, maana mizunguko iliyobaki ni michache. Shokapu lakini ni ile ile, sasa inafanya kazi ikiwa imekaa nusu chini, na kila shimo inagonga mwisho. Gurudumu likining'inia, springi iliyokatwa inaweza kulegea na kuhama kwenye kiti chake. Tena magurudumu yanainamia ndani, tairi linalika upande ule ambao ukisimama nje huuoni. Wapo na wale wanaoichoma springi kwa gesi mpaka inyong'onyee yenyewe. Chuma kile kilipikwa kwa moto wa kipimo. Ukikichoma ovyo, umekitoa roho.

Na tairi si jambo la mzaha hapa kwetu. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi kubwa na basi dogo yaligongana yakawaka moto, wakafa watu wasiopungua 38. Ilielezwa kwamba tairi la basi moja lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu. Sisemi palikuwa na springi iliyokatwa, hapana. Nasema mji uliozika watu wengi hivyo kwa sababu ya tairi moja hauna haki ya kuchezea kinachoshika tairi barabarani.

Najua jibu lenu: "Mbona magari ya mashindano yako hivyo?" Yapi hayo? Ya kwenye lami iliyonyooka kama meza, sawa. Lakini sisi tuna Mbaga, tuna Suji, tuna Chome na Vudee, kona juu ya kona, mvua ikinyesha barabara inageuka mfereji. Mashindano yanayofanana na njia zetu ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae aliishinda kwa Subaru Impreza, ndugu ya hiyo hiyo mnayoikata. Je, walikuwa wameilaza chini? Thubutu! Magari ya Safari yaliinuliwa, yakapewa shokapu za kwenda mbali juu na chini, yakaimarishwa kila kiungo. Waliojua mbio walipofika nchi zetu waliinua. Nyinyi mliozaliwa humu humu kwenye mashimo ndio mnashusha!

Sasa asije mtu wa mjini akadaka maneno yangu na kusema dawa ni kuwafukuza mafundi wa chini ya miti. La hasha! Gereji bubu haina kosa. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Kazi ya springi na shokapu inaweza kufanyika nyumbani kabisa, kama anayeifanya ana heshima. Nunua springi na shokapu zilizotengenezwa ziende pamoja, tena badilisha mbili mbili, kushoto na kulia. Gari likae juu ya stuli imara, lisiachiwe jeki peke yake. Springi ibanwe kwa kibanio chake, si kwa kamba na waya, maana ikifyatuka inaua. Nati za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, vinginevyo mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Kisha peleka likapimwe magurudumu. Huna pesa ya yote hayo? Basi iache springi ya kiwandani ilivyo. Hiyo haikudai hata senti.

Mwisho nawageukia nyinyi waandishi wenzangu chipukizi. Nimechoka na hadithi ambazo shujaa lazima awe na gari lililolala chini, anakanyaga mafuta, msichana anacheka, na fundi anapita ukurasa mmoja tu kama mtu mchafu wa grisi asiye na jina. Hizo hadithi zinasomwa, na wanaozisoma wana grenda nyumbani! Mpeni fundi jina. Mwandikeni anavyokataa pesa ya mteja kwa sababu ameombwa kukata. Hapo pana ugomvi wa kweli, pana njaa upande mmoja na dhamiri upande mwingine, na mteja anaweza kuondoka kwa hasira akamtafute fundi wa pili.

Na wewe fundi wa pili, ukiletewa gari hilo, ulikatae.