Kipya Kinyemi: Kompyuta Kuukuu Si Takataka



Wahenga walinena: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Juma hili tunapenda kusema bila kuficha juu ya kidonda kimojawapo, nacho ni imani iliyoenea kwamba kompyuta iliyopita miaka kumi ni takataka, na kwamba familia au shule isiyoweza kununua mpya haina budi kukaa bila kitu. Imani hiyo tunaipinga. Tunaipinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu anayeilipia gharama yake ni maskini.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Mrithi wake, Windows 11, anadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, anakubali karibu zile tu za kizazi cha nane na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Hivyo mashine nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vema jana yake zikaamka zikiitwa mizigo. Je, kuna kilichoharibika ndani yake usiku ule? Hakuna hata skrubu moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa muuzaji, nasi tukaupokea kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Tutazame mfano mmoja. Dell OptiPlex 7010 ni kompyuta ya mezani iliyotoka mwaka 2012 na kununuliwa na ofisi nyingi duniani. Ofisi hizo zilipobadilisha vifaa, nyingi za aina hiyo ziliingia katika biashara ya mitumba. Inapolemewa, mara nyingi mzigo si prosesa bali ni diski yake ya zamani inayozunguka, na RAM haba. Iondolewe diski hiyo, iwekwe ya SSD. RAM aina ya DDR3 itolewe katika mashine nyingine iliyokufa hadi zitimie GB 8. Vumbi lipulizwe, na betri ndogo ya kwenye ubao mama ibadilishwe. Kisha iwekewe Linux Mint, mfumo usiolipiwa, ambao huhitaji RAM ya GB 2 tu kwa uchache na GB 4 ili ufanye kazi kwa raha. Mwanafunzi ataandika, atapiga hesabu, atasoma mtandaoni. Katibu wa jumuiya atatunza daftari lake. Wala tusiambiwe kwamba programu huria ni mambo ya wageni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao zina uzito.

Kwanza, watasema kwamba Afrika imegeuzwa jalala. Ni kweli. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilihesabu taka za kielektroniki za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62 duniani kote, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi ipokeayo itoe kibali kabla taka hizo hazijavushwa mpaka. Lakini jibu la udanganyifu huo si kukataa kila kilichotumika. Ni kukipima kabla ya kukipokea. Anayetoa mashine iliyokufa na kuiita msaada amehamisha jalala lake tu. Anayetoa inayowaka, pamoja na kibodi na nyaya zake, ametoa kweli.

Pili, watasema mashine kuukuu hula umeme. Nayo ni kweli kwa baadhi, hasa zikilinganishwa na kompyuta mpakato. Basi izimwe baada ya kazi, isiachwe ikikesha.

Tatu, watasema si kila kipuri huingia kila mahali. Sawa kabisa. RAM ya DDR3 haiingii penye DDR4. Na OptiPlex 7020, ndugu mdogo wa ile tuliyoitaja, ina plagi ya umeme ya pini 8 kwenye ubao wake, badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Tena sanduku la pawasaplai lisifunguliwe na asiye fundi, maana huhifadhi umeme hata likichomolewa. Haya yote yanadai maarifa, na maarifa ndiyo tunayotaka vijana wetu wayapate. Kijana aliyeunganisha kompyuta moja kwa mikono yake anajua kilichomo ndani kuliko aliyenunuliwa tatu.

Tukumbuke pia malighafi yatokako. Tantalamu iliyomo katika vifaa hivi hutoka kwa sehemu kubwa katika kolitani ya majirani zetu wa Kongo, na machimbo ya Rubaya, Kivu Kaskazini, yalitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Kitu kilichochimbwa kwa jasho, na pengine kwa damu, chatupwaje kwa sababu tu kimepitwa na mtindo?

Basi, kabla kamati yoyote haijapitisha bajeti ya kompyuta mpya, stoo ifunguliwe kwanza. Kilichomo kihesabiwe na kuwashwa. Kumbukumbu za watu zifutwe kabla diski haijabadili mkono. Na vijana waitwe wakae na fundi Jumamosi moja. Mbili mbovu zikizaa moja nzima, kuna mtoto atakayejifunza. Usiache mbachao kwa msala upitao.