Mzee Aliyeshindwa Mara 1180



Wasomaji wetu, hivi karibuni tulielezwa habari ya mzee mmoja wa hapa Nakwa, bingwa wa bao wa miaka mingi, aliyeacha kufika barazani baada ya kufungwa na kijana wa miaka 15 mbele ya watu. Wanawe walituomba tukamzungumze. Tulikwenda, tukanywa chai, tukaulizana hali za mashamba, na bao halikutajwa hata mara moja. Tangu siku ile fikra zetu zimekuwa kwa mzee mwingine, wa mbali sana: Kato Hifumi wa Japani.

Kazi yake ilikuwa shogi, mchezo wa jamaa moja na sataranji. (Hatukusudii kuufungua tena mjadala wa maulamaa juu ya sataranji, wenye haja nao watukute baada ya darsa.) Ubao una vyumba 81, na kila mchezaji huanza na kete 20. Kete iliyoliwa haitupwi nje, bali humtumikia aliyeila. Wacheza bao hawataliona hilo kuwa jambo geni, kwani nao huzisambaza upande wao kete walizokula.

Kato alizaliwa tarehe 1 Januari 1940, akaingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa mwaka 1954 akiwa na miaka 14. Alipofika miaka 20 alikuwa tayari anaugombea ubingwa uitwao Meijin, ambao ndio wenye heshima kongwe katika mchezo huo. Akashindwa na Oyama Yasuharu. Watu walidhani zamu yake ingefika upesi, lakini alingoja miaka 22. Mwaka 1982 alikutana na Nakahara Makoto katika pambano lililopangwa lisizidi michezo 7. Sare zikalirefusha hadi michezo 10, ndipo Kato akashinda. Mwaka uliofuata tu taji likachukuliwa na Tanigawa Koji, kijana wa miaka 21.

Hapo ndipo wengi wetu tungekunja mkeka. Yeye aliendelea kucheza kwa miaka 34 mingine. Aliteremka daraja baada ya daraja, akikaa mbele ya vijana ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kazi. Alikuwa na desturi ya kuinuka katikati ya mchezo, akasimama nyuma ya mpinzani wake na kuutazama ubao kwa upande wa pili, ili aone anachokiona mwenzake.

Tarehe 24 Desemba 2016, akiwa na miaka 76, alipangiwa Fujii Sota, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa akicheza mchezo wake wa kwanza wa kulipwa. Miezi michache kabla, mtoto huyo alikuwa ameivunja rekodi ya Kato mwenyewe ya kuingia kazini na umri mdogo. Mzee alifungwa. Fujii akaendelea mpaka akashinda michezo 29 mfululizo, jambo lisilopata kutokea.

Kanuni zao humtaka aliyevuka miaka 60 astaafu pindi anapoanguka kutoka daraja la mwisho la ligi. Kanuni hiyo ilimfikia Kato mapema mwaka 2017, naye hakususa. Alimaliza michezo yote iliyobaki katika ratiba yake, akacheza wa mwisho tarehe 20 Juni akiwa na miaka 77, akafungwa. Hesabu yake ilisimama kwenye ushindi 1324 na kushindwa 1180. Kabla yake hakuna mchezaji aliyepata kushindwa mara 1000, na sababu ni nyepesi: hakuna aliyekaa muda wa kutosha.

Habari hii tulimsimulia mzee wetu tulipomrudia. Alisikiliza, akatuuliza yule mtoto wa Kijapani ni wa ukoo gani, kisha akauliza kijana wetu hushinda barazani siku zipi. Tukamjibu kuwa ni kila Ijumaa, baada ya alasiri.